Kitabu cha Mlango

Jumanne, tarehe 9 Aprili. Mawingu tangu alfajiri, upepo wenye vumbi. Mvua ilitishia mara mbili na haikunyesha.

Naanza na hali ya hewa kwa sababu mwenyewe akisimulia huanzia hapo. "Ingenyesha," husema, "ningekuwa nahangaika na ndoo pale paa linapovuja, nisingepata nafasi ya kuandika kitu." Lakini haikunyesha, naye akaandika.

Mwenyewe ni bawabu wa ukumbi wa baraza la madiwani. Jengo zima humwita Mama Kengele, kwa sababu ya kengele ya shaba anayoipiga koridoni vikao vinapotaka kuanza. Ni mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minane. Huvaa viatu vya soli ya mpira ili asisikike akitembea, na ufunguo wa ukumbi huuvaa shingoni kwa utepe wa bluu. Siku ile ilikuwa imebaki miezi kumi na minne astaafu.

Kazi ya bawabu watu huidharau kwa kuwa hawaijui. Ndani ya ukumbi, kulia kwa mlango, ana meza ndogo. Ukutani mbele yake kuna saa, na mezani kuna kitabu kirefu cha jalada gumu, kitabu cha mlango. Diwani akiingia, saa inaandikwa. Akitoka, inaandikwa. Fundi akija kutengeneza kitu koridoni, naye anaandikwa. Nje ya mlango kuna kiti kimoja cha kijani ambacho mgeni haruhusiwi kukikalia. Hicho ni cha diwani ambaye jambo lake mwenyewe, au la mkewe, au la ndugu yake, linajadiliwa ndani. Kanuni inasema jambo likishasomwa tu, atoke, akae pale mpaka aitwe. Asiseme, asisikie, asikonyeze.

Hilo neno la mwisho halimo kwenye kanuni. Ni nyongeza ya Mama Kengele.

Katibu wa baraza, anapoandaa muhtasari wa kikao, huchukua saa zote kutoka kwenye kitabu hicho. Muda wote wa kikao yeye ameinama anaandika yanayosemwa. "Mimi masikio, mama macho," ndivyo anavyopenda kusema. Kwa hiyo kitabu cha mlango kikishasema, muhtasari umesema, na muhtasari ukishasema ndiyo imekuwa.

Masjala, ninakofanya kazi, kuna vitabu vyake kumi na kimoja vya miaka kumi na tisa. Nimevipitia vyote. Hakuna mstari uliokatwa. Mkaguzi mmoja aliwahi kuinua kimojawapo mbele ya baraza na kusema angetamani idara zote ziwe na kitabu safi namna ile. Madiwani wakapiga meza. Mama Kengele aliliweka neno lile moyoni, na nadhani lilimkaa zaidi ya ilivyofaa.

Maana ili kitabu kisichafuke, alijitengenezea utaratibu wake. Ajenda huja na orodha ya madiwani waliotangaza maslahi, kwa hiyo humjua mapema nani atatoka na kwenye jambo lipi. Mwenyekiti anapoanza kusoma jambo hilo, yeye hutazama saa, huandika jina na dakika kwa mwandiko wa kutulia, kisha hufungua mlango. Diwani anapofika mlangoni wino umeshakauka. Katika miaka kumi na tisa haikutokea hata mara moja diwani akasomewa jambo lake asinyanyuke. Kuandika mapema namna hiyo ni kosa ambalo mtu mvivu asingelifanya.

Diwani aliyekuwa kwenye orodha siku ile tunamwita Hoja. Hata akitaka dirisha lifungwe, husimama na kusema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, nina hoja." Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye tabasamu, anayekumbuka mgonjwa wa kila mtu. Miaka sita nyuma ni yeye aliyesimama kutwa nzima kudai kwamba mabawabu, wafagizi na madereva waajiriwe moja kwa moja, badala ya kuandikiana mkataba kila baada ya miezi mitatu. Akashinda. Mama Kengele hajasahau. Kabla ya hapo, kila mwezi wa tatu ulipokaribia kwisha alikuwa akikunja khanga yake ya ofisini na kwenda nayo nyumbani, kwa kutojua kama atarudi.

Jambo la sita kwenye ajenda lilikuwa malori ya kokoto. Wenye malori waliomba kuruhusiwa kupita mchana kwenye barabara ya zahanati, ambayo ni nyembamba na haina njia ya miguu. Hoja alijaza fomu vizuri kabisa: malori manne kati ya hayo ni ya kampuni ya mkewe na kaka yake.

Saa tisa na dakika kumi mwenyekiti akasoma jambo la sita. Mama Kengele akaandika. Akafungua mlango.

Hoja akanyanyua kidole kimoja, kama mtu anayesema nakuja.

Mama Kengele akabaki ameshika mlango. Upepo ukaingia, karatasi zikaruka mbele. "Mama, mlango," mwenyekiti akasema bila kuinua uso. Akaufunga. Hoja bado amekaa.

Mjadala ukaanza. Diwani mmoja mzee akasema barabara ile kila Jumatatu imejaa akina mama waliobeba watoto wa kliniki, na lori halina breki za huruma. Watu wakacheka, wengine wakaitikia. Hapo Hoja akasogeza kiti chake karibu na jirani yake. Kisha akainuka, akiwa amejikunja kidogo kama anayepita mbele ya watu msibani, akaenda mstari wa nyuma. Akamnong'oneza mmoja, akamshika bega mwingine. Mwenyekiti alimwona. Wote wawili ni wa upande mmoja, na mwenyekiti akasafisha miwani.

Katikati ya hayo nje kukasikika kitu kinakwaruza sakafu. Mama Kengele akatoka mbio kwa vile viatu vyake vya mpira. Fundi umeme, aliyekuja kubadilisha taa ya koridoni, alikuwa amekisogeza kiti cha kijani katikati na kukipanda na buti zake.

"Wee! Shuka! Hicho kiti cha waheshimiwa!"

"Ngazi imekopwa na watu wa maji, mama. Dakika kumi tu."

"Basi vua viatu."

"Navua." Akavua, akapanda tena na soksi. Halafu akauliza, kwa kutaka kujua tu, "Kwani leo mheshimiwa wa kukaa hapa yuko wapi?"

Mama Kengele akageuka. Alirudi ndani akaandika kama ilivyo desturi: fundi umeme, taa ya koridoni, saa tisa na dakika ishirini. Baadaye alichungulia, akamkuta ameshuka, akaongeza: hadi saa tisa na dakika arobaini.

Mwenyekiti aliposema sasa tupige kura, Hoja akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatembea hadi mlangoni. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini na tano.

"Samahani mama, nilikuwa nakusanya karatasi," akasema kwa sauti ya chini, akatoka, akakaa kwenye kiti cha kijani dakika nne. Mikono ikahesabiwa. Kumi na wawili kwa tisa. Malori yakapita.

Kanuni ya kusahihisha kitabu cha mlango ni fupi. Unapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya kosa, unaandika saa ya kweli pembeni, kisha zinawekwa saini mbili, ya bawabu na ya diwani mwenyewe. Mama Kengele alijua kwamba alitakiwa kumfuata Hoja na kalamu wakati ule ule. Alikaa na kalamu mkononi. Alitazama ukurasa ulivyo safi. Alimtazama Hoja akirudi kitini, akipokea mikono ya wenzake. Kikao kilipoahirishwa akafunga kitabu, akafunga ukumbi, akaenda zake nyumbani.

Wiki tatu baadaye ikaja barua. Muuguzi mkuu wa zahanati alikuwa amekaa siku ile kwenye benchi la wananchi, na alikuwa amelalamika kwa Kamati ya Maadili kwamba diwani mwenye maslahi alikaa ndani na kuwashawishi wenzake. Hoja akajibu kwa maandishi kwamba alitoka jambo liliposomwa tu, na ushahidi ni muhtasari wa kikao na kitabu cha mlango. Mwenyekiti akaandika kwamba hakumbuki. Madiwani wa upande wa pili wakaandika kwamba alikuwemo, lakini hao wakisema jua linawaka watu huangalia juu kwanza. Kamati ikapanga kusikiliza tarehe 14 Mei. Bawabu aje na kitabu chake.

Barua ya wito ilipitia kwangu masjala. Nilimpelekea mwenyewe. Aliisoma amesimama, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa gauni, akaitoa, akaisoma tena.

Tangu siku hiyo hakutulia. Ofisini alipaka mafuta bawaba za mlango ambazo hazikuwa zikilia. Alikihamisha kiti cha kijani kutoka upande mmoja wa mlango kwenda mwingine, kisha akakirudisha. Siku moja alipiga kengele kuita kikao dakika kumi kabla ya wakati, madiwani wakaingia wanatafuna. Katibu akamwuliza kama anaumwa. Akasema ni kiuno.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Mumewe ni fundi cherehani, na cherehani yake huiweka barazani ili apate mwanga na maneno ya wapita njia. Mchana wa Jumamosi moja alimtazama mkewe akiingia na kutoka na bakuli tupu.

"Mke wangu, tangu niweke uzi huu umekaa mara tisa, umesimama mara kumi. Hesabu hiyo ikoje?"

"Natafuta kifuniko."

"Cha nini?"

Akasimama, akalitazama bakuli. "Sijui," akasema, na hapo akakaa chini sakafuni karibu na cherehani, akamweleza yote, kutoka kidole cha Hoja mpaka soksi za fundi umeme.

Mumewe alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Kwa hiyo ulikata nguo kabla ya kupima mtu."

"Niliandika kabla."

"Mhm."

"Usiseme mhm. Sema neno."

"Nitasema la kazi yangu, hilo la kwako silijui. Nguo ikikatwa kombo, fundi anaifumua, mwenye nguo anagomba, siku inaharibika. Kuna mafundi wengine hawafumui. Wanaipiga pasi. Inatoka hapa imenyooka. Akishaivaa na kutoa jasho kidogo, inarudi ilivyokatwa." Akaachia gurudumu. "Mimi ninashona. Sijakwambia kitu."

Kesho yake, Jumapili alasiri, Hoja alikuja mwenyewe, kwa miguu, bila dereva.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, kaa," mzee akasema, akamsogezea kigoda cha wateja. Alimtazama kama anavyowatazama watu wote, kwa mabega. "Mheshimiwa, koti limekubana. Lilete nilifumue."

"Nimenenepa mzee. Ndiyo kazi zetu za kukaa."

"Nimesikia unakaa sana," mzee akasema, akainamia uzi.

Hoja akacheka, na kicheko chake hakikufika mbali. Akamgeukia Mama Kengele. "Mama, sikuja kukuomba uongo. Nikikuomba uongo, nifukuze hapa kwa ufagio. Nimekuja kukuomba ukweli mfupi. Watakuuliza, kitabu ni chako? Ni chako. Mwandiko wako? Wako. Saa hii uliiandika wewe? Uliiandika. Basi. Unarudi nyumbani."

"Wakiuliza zaidi?"

"Hawatauliza. Lakini na wewe jifikirie, mama yangu. Mimi wakinipata na kosa, nitakaripiwa, nitakaa nje vikao viwili vitatu, nitarudi. Bawabu aliyeandika saa isiyo ya kweli, kanuni inasema nini?"

Aliijua kanuni. Ni kufukuzwa.

"Miezi kumi na mitatu imebaki," Hoja akasema. "Sikutishi. Nakuonea huruma."

"Ulisimama kutwa nzima kwa ajili yetu," Mama Kengele akasema. "Mwaka ule."

"Sikukumbushi hilo."

"Hujanikumbusha. Nakumbuka mwenyewe." Alikuwa amesimama tena, hakujua amesimama saa ngapi. "Ila siku ile, mwanangu, ungenyanyuka tu. Hatua kumi na mbili kutoka kitini kwako mpaka mlangoni. Nimezihesabu mara nyingi nikifagia. Nisingekuwa na kosa, wala wewe."

Hoja akainuka kwenye kigoda. Akasema wataonana Jumanne.

Kamati ilikaa chumba cha mikutano midogo, ghorofa ya pili. Walikuwa watu watatu, na kiongozi wao hakimu mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba. Hoja alikuwa na wakili. Muuguzi alikaa pembeni, sare yake ya kazi imekunjamana magotini. Mimi nilikuwepo kwa kuwa ndimi niliyebeba muhtasari kutoka masjala.

Hakimu akamwuliza Mama Kengele, "Kitabu hiki ni chako?"

"Ni changu."

"Mwandiko?"

"Wangu."

Wakili akaomba kuuliza moja tu. "Mama, hapa pameandikwa mheshimiwa ametoka saa tisa na dakika kumi. Nani aliandika?"

"Mimi."

"Kuna mahali pamefutwa, pamekatwa, pamebandikwa?"

"Hakuna."

"Nimeridhika, mheshimiwa."

Hakimu akamtazama juu ya miwani, kama anayengoja kitu. Kisha akasema, "Ahsante mama. Unaweza kwenda."

Ikawa imekwisha. Alikuwa amesema kweli nne, zote fupi. Akainuka, akapita nyuma ya viti, akafika mlangoni, akashika kitasa. Ameshika vitasa maisha yake yote. Nilimwona anakizungusha, mlango unafunguka upana wa kiganja, kisha unarudi kufungwa, naye bado yuko ndani.

"Mheshimiwa," akasema, mgongo wake ukiwa kwetu. Akageuka. "Hamkuniuliza niliandika lini."

Wakili akasimama. Hakimu akamkalisha kwa kidole. "Uliandika lini?"

"Kabla hajatoka. Mwenyekiti anaposoma mimi naandika, ndivyo nilivyozoea, ili kitabu kisichafuke. Nikaandika saa tisa na kumi, nikafungua mlango, hakutoka. Alitoka saa tisa na arobaini na tano, watu wakinyanyua mikono. Nilitakiwa nikate nimfuate tusaini. Sikufanya."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu kuharibu ukurasa. Na nilimwogopa. Hayo mawili, sijui lipi lilitangulia."

Wakili sasa alikuwa amewaka. "Mheshimiwa, shahidi huyu anakiri kwamba ameandika jambo la uongo kwenye kitabu cha serikali! Kama alidanganya siku ile, leo tumwamini kwa lipi?"

"Msiniamini mimi," Mama Kengele akasema. "Someni mstari wa chini yake."

Hakimu akashusha kidole kwenye ukurasa, akasoma kwa sauti. "Fundi umeme, taa ya koridoni. Saa tisa na ishirini hadi saa tisa na arobaini."

"Ngazi hakuwa nayo. Alipanda kiti cha kijani. Nilimfokea avue viatu, akavua. Mwiteni, yuko hapo chini karakana. Kama mheshimiwa alitoka saa tisa na kumi akakaa kwenye kile kiti, basi fundi alimkanyaga mapajani dakika ishirini, na hakuna aliyelalamika."

Mjumbe mmoja akacheka kabla hajajizuia. Fundi akaitwa, akaja anafuta mikono, akasema ndiyo, alipanda kiti, na ndiyo, alivua buti, na aliuliza mheshimiwa yuko wapi, hakujibiwa. Hakimu hakumwangalia fundi. Alikuwa akimwangalia Hoja.

"Una la kusema?"

Hoja hakusimama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuanza kwa kusema ana hoja. Akasema polepole, "Nilijaza fomu. Nilidhani nikishatangaza, imetosha."

"Fomu ni ya kutuambia kwamba unajua," hakimu akasema. "Kutoka ndiyo kazi yenyewe."

Walirudi saa kumi kasoro robo na uamuzi. Kura ya malori imefutwa, jambo litajadiliwa upya bila yeye kuwemo. Atasimama mbele ya baraza aeleze alichofanya, na atakaa nje vikao vitatu. Mwenyekiti naye aandike kueleza kwa nini hakumbuki. Kuhusu bawabu, suala lake linakwenda kwa mwajiri, na kitabu kisahihishwe kwa utaratibu, saini mbili, kesho yake kabla ya adhuhuri.

Kwa mwajiri hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo, na ni mimi mwenyewe niliyeitia kwenye jalada lake, karatasi ya tano katika jalada lililokuwa na nne kwa miaka yote hiyo. Sasa kila ukurasa wake lazima katibu aupitie na kuweka alama. Hilo la alama linamuuma kuliko onyo. Lakini hayo yalikuja wiki mbili baadaye. Jioni ile ya tarehe 14 hakuwa anajua lolote, na mumewe anasema aliosha vyombo safi mara mbili.

Asubuhi yake, Jumatano, manyunyu yalianza kabla hajatoka nyumbani. Alikifunga kitabu kwenye nailoni, akakiweka kwapani, akaenda moja kwa moja ofisi ya Hoja, iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Saa mbili na nusu alikuwa kwenye benchi. Mstari alikuwa ameshaupiga kwa rula, umenyooka, wa kwanza katika vitabu kumi na viwili. Saa tisa na arobaini na tano ilikuwa imeandikwa pembeni, na saini yake chini. Palibaki nafasi moja.

Dada wa mapokezi aliingia ndani akatoka. "Yupo, ila ana shughuli, mama."

"Nangoja."

Ikafika saa tatu. Ikafika saa tatu na nusu. Simu iliita ndani, sauti ya Hoja ikasikika, ikanyamaza. Mama Kengele alifunga na kufungua kifuniko cha kalamu. Alisimama akaenda dirishani, akarudi. Saa nne ikagonga.

"Mama," dada wa mapokezi akasema, kwa huruma, "si uandike tu kwamba amekataa? Kila mtu ataelewa. Ukawahi ukumbini."

Alifungua kitabu magotini. Alifungua kalamu. Aliitazama ile nafasi, akatazama saa iliyo juu ya mlango wa Hoja, na kalamu ikashuka mpaka karibu na karatasi. Kisha akaifunga.

"Hajakataa bado," akasema.

Saa nne na dakika ishirini mlango ukafunguka. Hoja hakuwa na koti. Aliutazama mstari uliopigwa kwa rula muda mrefu.

"Umeunyoosha," akasema.

"Ndiyo."

"Nikisaini hapa, mama, nimekubali kwa mkono wangu."

"Na mimi nimekubali kwa wangu. Huo hapo."

Akanyoosha kiganja. Mama Kengele akampa kalamu. Hoja akakiweka kitabu juu ya meza ya mapokezi, akainama, akasaini, akarudisha kalamu, akaingia ndani.

Mama Kengele alingoja mlango ufungwe. Akatazama saa. Ndipo akaandika, saa nne na dakika ishirini na mbili.